Tupeane uzoefu: mshono ambao maana yake mnaijua nyumbani kwenu tu

Habari zenu wadau. Foronya za "Usiku mwema" na "Lala salama" tumezaliwa tumezikuta, hizo sizitaki hapa. Nataka ile kazi ya mkono ambayo mgeni akiitazama ataona ua tu, lakini nyie mnajua kuna jambo ndani yake.

Naanza mimi. Mama alifundishwa kudarizi shuleni, enzi za sayansi kimu, na foronya zake zote zina ndege wawili. Kawaida ndege hao hutazamana, midomo karibu igusane. Wa mama wanatazama upande mmoja. Nilikua nikiamini ni mchoro tu, mpaka shangazi aliponipasulia: zilidariziwa miaka ile baba yuko reli Tabora, sisi Tanga, na wale ndege wanamtazama yeye. Mama mwenyewe ukimuuliza atakwambia ni mapambo.

Wa Ng'ambo, Unguja:
Mie langu ni kofia ya viua. Nyinyi mnaovaa tu hamuijui kazi yake. Unachora nakshi kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, halafu kila kitobo unakifungua kwa sindano na kukizungushia uzi mpaka kikaze, kimoja kimoja, na vitobo vyenyewe ni mamia. Miezi inakwisha umeinama. Nilikuwa nikimshonea mchumba wangu. Kipimo cha kichwa mamake aliniletea kwa kamba. Nimefika katikati, posa ikavunjika. Kila mtu akasema iuze ikishaisha, wanunuzi wapo. Sikutaka. Bahati kichwa cha baba hakikupishana sana na cha yule bwana, nikaimalizia kwake. Ila nyota moja nimeiziba, haina hata kitobo. Baba aliigundua mara ya kwanza ilipofuliwa na kutiwa kanji, anaivisha kwenye faruma, kile kifaa cha kuiwekea kofia umbo lake isisinyae. Hakuniuliza kitu. Lakini kila Ijumaa akiivaa, nyota ile lazima ikae kisogoni.

Nakuru hapa:
Mna bahati nyinyi. Kwa nyanya yangu vitambaa vimefunika kila kiti, redio, runinga, hata chupa ya chai, na maana ni moja tu: usikalie kabla hujaosha miguu.

Mwanzisha mada:
😂 Hiyo nayo imepokelewa.

Maskati, asili Unguja:
Dada wa Ng'ambo umenigusa. Huku kofia hiyohiyo huitwa kumma, na wengi husema ilivuka bahari kutoka kwetu; watu wa pande hizi mbili wameoleana tangu kabla Seyyid Said, mtawala wa Omani, hajahamishia makao yake Unguja. Madukani siku hizi zimejaa za mashine. Marehemu bibi, aliyehamia huku miaka ya 1970, akiletewa kofia aigeuze ndani kwanza atafute mafundo ya uzi, asipoyaona anakurudishia bila maneno. Zake aliwashonea wanawe wa kiume, kila mmoja rangi yake, lakini zote zina mstari mwembamba wa kijani chini. Wajomba walidhani ni mtindo. Kijani ilikuwa rangi ya mlango wa nyumba yao ya Malindi, Mji Mkongwe.

Kigoma mjini:
Mimi nina swali zaidi ya hadithi. Mama alitudarizia mashuka, kila binti lake la kuolewa nalo, na kila shuka lilikuwa na jambo la mwenyewe. Langu lina samaki kwa sababu nilizaliwa msimu wa dagaa wamejaa ziwani. La mdogo wetu, mama alifariki hajalimaliza: kuna shada zima upande mmoja, upande wa pili penseli tupu, na sindano bado imechomekwa. Dada mkubwa anataka tulimalize kabla ya harusi. Mimi naona tukishalimaliza halitakuwa la mama tena. Mngefanyaje?

Wa Ng'ambo, Unguja:
Bwana harusi atalilalia vipi na penseli? Malizeni. Ila uzi uwe wa rangi nyingine, ajulikane mama aliishia wapi na nyinyi mmeanzia wapi. Na hiyo sindano iwekeni pembeni, msishonee.

Nakuru hapa:
Naunga mkono. Na mwenye shuka ameulizwa?

Kigoma mjini:
Nimempigia sasa hivi. Rangi nyingine amekubali, dada naye amekubali. Tatizo yeye anataka zambarau, dada anataka nyekundu, na simu iko hewani mpaka muda huu.