Ripoti 312 zilizopakiwa kwa pamoja: baadhi zimekataliwa, nyingine zimewafikia wazazi wasiohusika

Mwalimu wa sekondari msingi, Kasarani

Walimu wenzangu na wataalamu wa mifumo, hamjambo. Naomba msaada katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumanne. Shule yetu ina mfumo wa kuhifadhi taarifa za wanafunzi, na muhula huu mwalimu mkuu aliamua kwamba ripoti za mtihani zisichapishwe tena kwenye karatasi, bali zipakiwe humo ili kila mzazi aisome ya mtoto wake kwenye simu. Sizungumzii tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) ambako tunaingiza alama za tathmini za shuleni. Huu ni mfumo wetu wenyewe.

Ripoti za Gredi ya 7 hadi ya 9, yaani wanafunzi 312, niliziandaa kwa Word kutokana na jedwali la alama la Excel, zikatoka katika faili moja ndefu ya PDF. Kila ripoti ina kurasa mbili: wa kwanza una alama, wa pili una maoni ya walimu. Nilitumia programu ya kugawa faili hiyo kila baada ya kurasa mbili, kisha nikazipa faili majina kwa kufuata mpangilio wa orodha yangu, nambari ya usajili ikitangulia na jina la mwanafunzi likifuata. Nikazifunga zote katika faili moja ya zipu na kuipakia.

Mfumo ulikataa faili 41 ukisema kwamba mwanafunzi hajapatikana, ilhali wanafunzi hao wote wamo. Hilo ningelivumilia. Lililoniumiza ni kwamba jioni hiyo wazazi saba walipiga simu kusema kwamba wameona mambo ya mtoto wa mwenzao. Mama mmoja alinieleza kwamba ukurasa wa mwanzo ulikuwa na maoni kuhusu mvulana, naye ana binti, lakini ukurasa uliofuata ulikuwa na alama za binti yake. Natakiwa kuirudia kazi hii kufikia Ijumaa, na sitaki kubofya tena kabla sijaelewa kosa liko wapi.

Karani wa shule, Buruburu

Pole sana, mwalimu. Kuhusu zile 41, tazama kama nambari za usajili za wanafunzi hao huanza na sifuri. Excel ikiona 0087 huichukulia kuwa ni tarakimu ya kuhesabia na kuiandika 87, nao mfumo, ambao umeihifadhi kama 0087, hauwezi kujua kwamba ni mtoto yule yule. Kama nambari zenu zote zina tarakimu nne, andika fomula =TEXT(A2,"0000") katika safu ya pembeni, na sifuri zitarudi. Kuanzia hapo, ukiwa na orodha iliyohifadhiwa kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, usiifungue tena kwa kuibofya mara mbili, kwa maana Excel itazila sifuri hizo upya bila kukuuliza. Ifungue kwa Notepad ukitaka kuhakiki kilichomo.

Nakushauri pia uondoe majina ya wanafunzi kwenye majina ya faili. Mifumo mingine ikishindwa kupata nambari hujaribu jina, na majina yetu yana ritifaa. Ng'ang'a iliyoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi na Ng'ang'a iliyoandikwa kwa ile iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe, ni jina moja machoni petu, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili zisizojuana. Nilipoteza siku nzima kwa sababu ya alama hiyo, na mtaa wa Lang'ata katika anwani za wanafunzi ulinisumbua vivyo hivyo.

Kuhusu ripoti zilizochanganyika, huenda programu yako ilipanga faili kwa herufi, yaani ya 1 ikafuatwa na ya 10, kisha ya 100, kabla ya kufika ya 2.

Msimamizi wa mifumo ya shule, Kilimani

Naafikiana na karani kuhusu sifuri, ila suala la mpangilio sidhani. Kama faili zingepangwa kwa herufi, mzazi angepata ripoti nzima ya mtoto mwingine. Yule mama alipata nusu kwa nusu: maoni ya mtoto aliyetangulia, kisha alama za binti yake. Hiyo ni dalili kwamba mahali fulani kabla ya binti huyo kuna ripoti yenye kurasa tatu. Programu ya kugawa haisomi kilichoandikwa. Huhesabu mbili, mbili, mbili. Ukurasa mmoja ukizidi, kila anayefuata anasukumwa nyuma hadi mwisho wa faili.

Anza kwa kutazama faili ile ndefu ina kurasa ngapi, kwa sababu 312 mara mbili ni 624 na haipaswi kuwa vinginevyo. Kisha fungua faili ya katikati, ya 156. Ikiwa ni sahihi, kosa liko baada yake; ikiwa imeharibika, liko kabla yake. Endelea kukata nusu iliyobaki namna hiyo, nawe hutafungua zaidi ya faili 9 kabla ya kumfikia mtoto ambaye kosa limeanzia kwake.

Lakini nakusihi usiishie kwenye kurekebisha ukurasa huo na kuendelea na utaratibu ule ule. Maadamu jina la faili linatokana na nafasi yake katika foleni, muhula ujao maoni mengine marefu yatakuletea balaa hilo hilo. Nambari ya usajili ichapishwe juu ya kila ukurasa wa ripoti, halafu programu ya kugawa iisome humo na kuifanya iwe jina la faili. Zipo programu zinazofanya hivyo, na hata programu fupi unayoiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta ya Python inatosha, mradi PDF hiyo imetoka kwenye Word moja kwa moja na si picha ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana. Pakia darasa moja moja.

Mwalimu mstaafu, Lang'ata

Mwalimu, kabla ya Ijumaa kuna jambo la leo. Ripoti zilizoharibika bado ziko wazi kwa wazazi unapoandika hapa? Zifungeni kwanza. Mifumo mingi ina sehemu ya kuzionyesha ripoti kwa walimu pekee hadi zitakapoidhinishwa, na hata upakiaji wa pili upitie huko, mwalimu wa darasa azione kabla ya mzazi.

La pili, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaihesabu shule yenu kuwa mdhibiti wa data za watoto hao, yaani ndiyo inayowajibika kwa taarifa zao. Taarifa zikiwafikia wasiostahili na pakawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu mlipogundua. Mwambie mwalimu mkuu leo, naye aamue pamoja na halmashauri ya shule. Mzigo huo usiubebe peke yako.

Mwalimu wa sekondari msingi, Kasarani

Nawashukuru nyote. Ripoti zimefungwa tangu saa nane, na mwalimu mkuu ameshaelezwa. Kati ya zile 41, 38 zilikuwa za nambari zinazoanza na sifuri, na tatu zilikuwa na nafasi tupu iliyobaki baada ya nambari.

Faili ndefu ina kurasa 625. Nilikata nusu kama nilivyoelekezwa nikamfikia mwanafunzi wa 208. Mwalimu wake wa darasa alikuwa ameandika kwa upendo, na kwa urefu, jinsi mtoto huyo alivyorudi kutoka hospitalini na kuwafikia wenzake, na mistari miwili ya mwisho ikadondokea ukurasa wa tatu. Ripoti 104 zilizomfuata zote zimeharibika. Mistari hiyo miwili inataja ugonjwa wake, na ilisomwa na mzazi wa mwanafunzi wa 209. Kesho asubuhi nitakwenda na mwalimu mkuu nyumbani kwa mtoto huyo kuzungumza na wazazi wake.

Faili ya 313 ilikuwa pale pale kwenye folda, haina jina, ina ukurasa mmoja tu. Niliiona Jumanne nikadhani ni karatasi tupu.