Je, mwajiri mdogo asamehewe kwa kutojua kuwa sheria imebadilika?

Sheria ya kazi inapobadilika, na mwajiri mwenye wafanyakazi watano au sita akaendelea kufuata ya zamani kwa kutojua, je, aadhibiwe sawasawa na aliyejua akapuuza? Wapo wanaoshikilia kwamba kutojua sheria si utetezi, na wapo wanaotaka mwajiri wa namna hiyo asiguswe kabisa. Msimamo wangu ni kwamba faini isamehewe kwa kosa la kwanza, lakini haki ya mfanyakazi ilipwe yote.

Tuchukue kima cha chini cha mshahara kilichopandishwa kwa tangazo la gazeti la serikali, huku mwajiri akilipa kiwango cha zamani kwa miezi minane. Faini ni deni lake kwa serikali. Pengo la mshahara wa miezi minane ni jasho la mtu, na serikali haina mamlaka ya kusamehe jasho lisilo lake. Tukiyachanganya haya mawili, anayemhurumia mwajiri atamdhulumu mfanyakazi, na anayemtetea mfanyakazi ataishia kushangilia biashara ikifungwa kwa uzito wa faini, ilhali ikifungwa hapatakuwa na wa kulipa malimbikizo.

Nimewahi kufungua jalada la ajira nikakuta mkataba uliopita mikononi mwa waajiri kadhaa: jina la mfanyakazi wa awali limepakwa wino mweupe na jipya kuandikwa juu yake, na kifungu cha notisi bado kinataja sheria iliyokwisha kufutwa. Aliyeutumia hakuwa na hila yoyote. Aliamini kwa dhati kwamba anatenda haki.

Ndiyo maana nasema serikali nayo ina wajibu: itangaze mabadiliko mapema, na yaanze kwa tarehe zinazojulikana. Uingereza imezoea kuanzisha mabadiliko mengi ya sheria za ajira katika tarehe mbili za mwaka, 6 Aprili na 1 Oktoba, hivyo mwajiri anajua lini achungulie. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi, zinazogusa pia taarifa za wafanyakazi, mwaka 2016, lakini ukaanza kuzitumia Mei 2018.

Najua hofu ya wanaosema kampuni kubwa zitajigawa vipande ili zijifiche nyuma ya udogo, na hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo msamaha uwe wa mara moja tu, na utegemee malimbikizo kulipwa ndani ya muda uliowekwa. Wala usifike kwenye usalama, ambao Shirika la Kazi Duniani liliuingiza mwaka 2022 miongoni mwa haki za msingi kazini, kwa kuwa hakuna anayehitaji tangazo ili ajue kwamba mashine isiyo na kinga hukata vidole.

Linalonitatiza bado ni ushahidi, na hapa naomba hoja za waajiri na waajiriwa: mwajiri ndiye athibitishe kwamba hakujua, au mkaguzi wa kazi athibitishe kwamba alijua?