Mjadala: Aliyenunua katuni ana haki ya kuifungia kabatini?

Kampuni ikinunua nyingine yenye chaneli au studio ya watoto, je, iruhusiwe kuzificha katuni ilizozikuta? Wengi hujibu haraka: mali ni ya mwenye mali. Mimi nakataa.

Aprili 2022, kampuni za Kimarekani za filamu na televisheni, WarnerMedia na Discovery, ziliungana, ikazaliwa Warner Bros. Discovery ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 50. Deni hilo hawakulikopa watoto wala wachoraji. Lakini Agosti mwaka huohuo makumi ya vipindi yaliondolewa HBO Max, huduma yake ya kutazama vipindi mtandaoni, na katuni ziliumia sana: Infinity Train, Summer Camp Island, OK K.O.! Hata Sesame Street ilipunguziwa sehemu zake za zamani zipatazo 200.

Kwa nini mtu afiche alichokinunua? Kwenye vitabu vya hesabu, kipindi ni mali. Kampuni ikitangaza kwamba mali hiyo haina thamani tena, inaandika hasara, na hasara hiyo inapunguza faida inayotozwa kodi. Tena kipindi kisichoonyeshwa hakidaiwi malipo ya marudio ya waigizaji wa sauti. Wakuu wapya wanaotaka kuwaonyesha wenye hisa kwamba gharama zimeshuka hupata nafuu ya haraka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ndilo linaloipoteza mali.

Na watoto ndio rahisi kuonewa. Mtoto halipi ada ya mwezi, haandiki malalamiko, na katika nchi kadhaa matangazo yanayomlenga yamebanwa na sheria (jambo ninaloliunga mkono kabisa), hivyo haleti fedha nyingi. Kinachosahaulika ni kwamba katuni nzuri haichuji. Mtoto huitazama mara ishirini na bado akaomba tena, na kila baada ya miaka michache wanakuja wengine ambao kwao ni mpya kabisa. Habari za jana huzeeka, mechi ya jana huzeeka. Katuni ya miaka thelathini iliyopita bado inamchekesha mtoto wa leo.

Nakiri kwamba si kila ununuzi ni msiba. Kampuni ya televisheni ya Turner iliinunua studio ya Hanna-Barbera mwaka 1991, na hazina ile ya katuni za zamani ndiyo iliyoilisha chaneli yake ya Cartoon Network ilipoanza Oktoba 1992. Disney ilipoinunua Pixar mwaka 2006 kwa dola bilioni 7.4, viongozi wa Pixar ndio waliopewa studio ya katuni ya Disney waisimamie. Hao walinunua kwa sababu walizitaka kazi zenyewe. Mambo huharibika pale katuni zinapoingia tu kama vyombo vya ndani ya nyumba iliyouzwa. Disney ilipochukua sehemu kubwa ya 21st Century Fox mwaka 2019, kwa takriban dola bilioni 71, studio ya Blue Sky ilikuwemo. Mwaka 2021 ikafungwa, na filamu yake Nimona ikaachwa njiani. Wengine waliiokota wakaimalizia. Ikatoka Netflix mwaka 2023 na kuteuliwa kuwania Oscar. Kumbe thamani ilikuwepo.

Pendekezo langu ni hili. Mamlaka zinazokagua miungano ya kampuni huuliza kuhusu bei na ushindani. Ziulize pia vipindi vya watoto vitakwenda wapi. Na kipindi kilichoandikwa hasara ili kodi ipungue, baada ya muda fulani, tuseme miaka miwili, kirudi kwa aliyekitunga au kiingie kwenye hifadhi ya umma. Umma umeshakichangia kupitia kodi ambayo haikulipwa.

Nitaambiwa sharti hilo litawatisha wawekezaji. Sioni hivyo, kwa sababu mlango wa kuuza unabaki wazi. Coyote vs. Acme, filamu iliyokwisha kutengenezwa, ilitupwa na Warner Bros. Discovery hiyohiyo mwaka 2023. Kelele zikapigwa, na mwaka 2025 ikauzwa kwa Ketchup Entertainment. Mnunuzi alipatikana.

Kuhusu miaka mingapi itoshe, niko tayari kurekebishwa. Ila wanaotetea haki ya mwenye mali wanijibu jambo moja: kampuni iliyokwisha kuiambia mamlaka ya kodi kwamba kipindi hakina thamani, inapoteza nini mtu mwingine akikichukua na kukionyesha?