Mdogo wangu ameletewa mkataba wa riadha. Hawa wakimbiaji wanalipwaje hasa?

Dada_wa_Mbulu

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mbulu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 20, anakimbia kilomita 10 na pia nusu marathoni. Tangu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, nyumbani hatuna mazungumzo mengine. Baba amesikia kwamba bingwa wa dunia hupewa dola 70,000, na ameshaanza kuulizia bei ya trekta.

Sasa amekuja mtu na mkataba wa miaka 5. Anataka asilimia 20 ya kila kitu. Pesa zote zitaingia kwenye akaunti ya kambi, halafu yeye ndiye atakayegawa. Mdogo wangu yuko tayari kusaini hata leo, mimi ndiye nimeweka mguu mlangoni. Naomba mwenye kujua anieleze: pesa ya mwanariadha inatoka wapi, inapita mikononi mwa nani, na inamfikia lini?

Chelel_Iten

Dadangu mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi. Mimi nimekimbia kutoka Iten, Kenya, na kazi yangu mara nyingi ilikuwa kuwavutia wengine mwendo hadi kilomita 25 au 30, kisha natoka barabarani. Kwa hivyo pesa ninayoijua vizuri ni ya wale ambao kamera inawaacha kabla ya utepe.

Tuanze na zawadi maana ndiyo inayotangazwa. Marathoni ya Boston, Marekani, mshindi anapata dola 150,000. Simbu alipokuwa wa pili pale Aprili 2025, nafasi hiyo ilikuwa na dola 75,000. Ukishuka hadi wa nne ni 25,000. Unaona inavyoporomoka? Na hao ni wanne bora katika mbio ambazo kila mtu duniani anataka kuingia. Marathoni nyingi za miji midogo, ukimaliza wa sita unarudi na medali na tisheti.

Nje ya zawadi kuna pesa ya kukubali tu kuja, ambayo waandaaji hupatana na meneja wako faraghani na hulingana na jina lako. Kuna nyongeza ya muda, yaani ukimaliza chini ya saa walizoandika kwenye mkataba. Halafu kuna mkataba wa viatu. Huo ndio unaomlisha mkimbiaji mwaka mzima, na wanaoupata ni wachache mno. Sisi tuliovuta mwendo tulilipwa kwa kufikisha kundi kilomita fulani kwa dakika walizoagiza. Ukichelewa, wanakata.

Sasa makato. Tuseme mdogo wako ameshinda dola 10,000 Marekani. Kwa mgeni, serikali yao hukata asilimia 30 hapohapo, hiyo ni 3,000. Meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya kiwango chote kabla ya kodi, 1,500. Kocha mkipatana asilimia 10, ni 1,000. Zimebaki 4,500, na bado hujaitiwa karatasi.

Karatasi hiyo nitaieleza maana hakuna anayewaambia wasichana. Asubuhi baada ya mbio, miguu bado imevimba, unaitwa chumba cha meneja hotelini. Kitandani kuna karatasi yenye safu mbili. Upande mmoja, ulichopata. Upande wa pili: tiketi ya ndege, visa, usiku mmoja wa ziada hotelini, chakula cha kambi cha miezi ile uliyokuwa na jeraha la kisigino, hata dawa ya kuchua. Unaonyeshwa pa kuweka sahihi. Wengi huweka kwa sababu basi la kwenda uwanja wa ndege liko chini linanguruma. Kuna mameneja waaminifu kabisa, nami mmoja wao amenisomeshea mtoto. Lakini mwaminifu hakasiriki ukimwambia unataka kwenda na hiyo karatasi nyumbani uisome.

Hata hizo zilizobaki hazifiki kesho yake. Waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu, na kuna wanaochelewa kulipa hata majibu yakishatoka. Buzunesh Deba wa Ethiopia alikuwa wa pili Boston 2014 nyuma ya Rita Jeptoo wetu. Jeptoo akapatikana na pufya, akanyang'anywa ushindi, Deba akatangazwa bingwa. Mwaka 2024 bado alikuwa anadai nyongeza ya pesa zake. Miaka 10! Alikuwa ameshazaa na kulea.

Hiyo habari ya akaunti ya kambi, kataa. Kataa bila kumung'unya maneno. Huku kwetu Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1, Septemba 2021. Oktoba akauawa nyumbani kwake hapa Iten. Wanariadha wenzake wakaunda Tirop's Angels ili kupigania usalama wa wasichana wanaokimbia. Tangu hapo tumeanza kusema waziwazi jambo tulilokuwa tunanong'ona: msichana anakimbia, mwanaume ndiye anayeshika kadi ya benki. Awe mume, kocha au meneja, mambo ni yaleyale. Mdogo wako afungue akaunti kwa jina lake, namba ya siri aijue peke yake. Hata wewe dadake usiijue.

Mhasibu_Arusha

Naongezea kidogo upande wa kodi. Zile asilimia 30 zikikatwa Marekani, aombe fomu 1042-S. Ndiyo inayoonyesha alipata kiasi gani na kilikatwa kiasi gani, na ndiyo ushahidi wake akija kuulizwa huku nyumbani. Wateja wangu wanariadha wengi hawajawahi kuiona, inabaki kwa wakala, yaani huyo meneja. Pia akate TIN, namba ya mlipakodi, mapema na afungue akaunti ya dola. Na mkataba useme wazi kama asilimia ya wakala inahesabiwa kabla ya kodi au baada yake. Kwenye dola 10,000, ile 20 anayoitaka huyo bwana ni 2,000 kabla ya kodi, na 1,400 baada ya kodi.

Mzee_Babati

Binti yangu, mimi nimefuatilia riadha tangu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3:32.2. Wakati ule sheria ilikuwa riadha ya ridhaa, mtu akipokea pesa anafungiwa. Mashindano ya dunia yenyewe yalianza kutoa zawadi kwa kugawa magari ya Mercedes kwa washindi, Stuttgart 1993, pesa taslimu ikaja Athens 1997.

Kilichowalisha vijana wetu ni sare. Juma Ikangaa alikuwa mwanajeshi. Boston 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, mwaka uliofuata akashinda New York. Simbu naye ni wa JWTZ. Mshahara wa jeshi huingia hata mguu ukiwa umefungwa bendeji. Ningekuwa mimi baba yake, kabla ya trekta ningehangaikia nafasi yake jeshini, polisi au magereza.

Dada_wa_Mbulu

Shikamoo mzee, na asanteni sana nyote. Jana usiku nimeusoma mkataba wote kwa tochi ya simu. Kuna kifungu kinasema akipata udhamini wa viatu, malipo yatasimama kwa kipindi chochote asichoshindana, kwa sababu yoyote ile. Na katika miaka hiyo 5 hawezi kuhama kwa wakala mwingine, ila wao wanaweza kumwacha wakati wowote. Dada Chelel, hii "sababu yoyote" ni pamoja na ujauzito?

Chelel_Iten

Ni pamoja na ujauzito, jeraha, malaria, kila kitu. Allyson Felix, Mmarekani mwenye dhahabu nyingi za Olimpiki, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba baada ya kujifungua Nike walitaka kumlipa asilimia 70 pungufu. Makelele yalikuwa makubwa, na Agosti mwaka huohuo wakatangaza kwamba mwanariadha mjamzito hatapunguziwa malipo kwa miezi 18. Kama yeye ilibidi apige kelele ndipo asikilizwe, mdogo wako wa miaka 20 ailinde haki hiyo kwa wino. Kifungu kiandikwe upya: ujauzito na jeraha lililothibitishwa na daktari si sababu ya kusimamisha malipo.

Miaka 5 ni mingi sana. Aombe mwaka mmoja, wakipendana waongeze. Kuhama na kuachana kuwe sawa kwa pande zote mbili, kwa notisi. Asilimia iwe 15. Kila gharama inayokatwa iwe na risiti, na zile za juu ya kiasi mtakachopatana zikubaliwe na yeye kabla hazijatumika.

Kabla ya hayo yote, ingia kwenye tovuti ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, kuna orodha ya mawakala wanaotambuliwa. Tafuta jina la huyo mtu. Kisha piga simu chama cha riadha cha taifa uulize kama wanamjua. Mwambie aache nakala ya mkataba mumpelekee wakili. Akisema nafasi inafungwa Ijumaa, mwache aende na Ijumaa yake. Mbio za kasi zipo kila mwezi.

Halafu niandikie muda wake bora wa nusu marathoni na alikimbilia wapi, maana Mbulu ni mlima na saa ya huko ni nzito kuliko ya pwani. Nikijua hilo nitakuambia ni mbio zipi zinaweza kumlipia tiketi sasa, na zipi asubiri.