Bingwa wa vyuo vikuu anapatikana kwa siku nane, halafu tunaiita ligi?

Wakuu, kabla hatujaanza kugombania nani anastahili kombe la soka la vyuo vikuu vyetu, ambalo timu zote zinakusanywa mahali pamoja, tupige hesabu kidogo.

Timu iliyo kwenye kundi la timu nne inacheza mechi tatu. Ikivuka inakutana na robo, nusu na fainali, jumla sita. Ukiwapa vijana saa 72 za kupumzika kila baada ya mechi, aliyeanza tarehe 1 anacheza fainali tarehe 16. Mtu anayebananisha yote hayo ndani ya siku nane kwa sababu "hosteli" wanazolala timu "zinatakiwa" anatafuta bingwa au majeruhi? Kuanzia mechi ya nne waangalieni mabeki wa pembeni. Hawapandi tena, mpira unapigwa juu tu kutoka nyuma, na kila baada ya dakika kumi kuna mtu kakaa chini kashika nyuma ya paja. Kombe linakwenda kwa mwenye benchi refu. Hilo ni bonanza!

Uwanja nao ni mmoja au viwili, kwa hiyo mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa kupokezana. Wa saa 10 jioni anaingia akijua matokeo ya wa saa 8 mchana, anajua kabisa kwamba sare inamtosha yeye na mwenzake. Hili FIFA ililimaliza zamani. Mwaka 1982 kule Gijón Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0, matokeo yaliyowavusha wote wawili, wakabaki kupigiana pasi huku Algeria, iliyocheza siku moja kabla, ikitolewa. Tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi zinaanza muda mmoja. Sisi bado tunapokezana, tena wa saa 8 ndiye anayekula jua lote la Dodoma, na ukiuliza dakika za kupoza mwili unaonekana unaleta uzungu. Sheria inaruhusu sekunde 90 hadi dakika 3. Zimeandikwa.

Sasa mamluki, wachezaji wasio wanafunzi kweli. Mbinu inajulikana: kijana wa ndondo, soka la mtaani, anaandikishwa kozi fupi wiki mbili kabla, anakatiwa kitambulisho kinachong'aa ambacho hata kamba yake haijapauka, na mkaguzi analinganisha picha na sura, basi. Kitambulisho ni kitu cha mwisho kuangaliwa, jamani! Anza na namba ya usajili kwenye mfumo wa chuo. Halafu risiti ya ada yenye kumbukumbu namba ya malipo, halafu matokeo ya UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa semista, ya semista iliyopita. Wa mwaka wa kwanza hana UE, lakini ana namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoombea chuo. Muulize shule na mwaka mbele ya kocha wa wapinzani, uone kama hatageuka kumtazama meneja wake. Mchezaji mmoja hamalizi dakika tano.

Ila hata ukimkamata, ratiba inamwokoa. Rufaa ya mechi ya Jumatano inasikilizwa Ijumaa usiku, nusu fainali imeshachezwa na timu iliyodhulumiwa iko kwenye basi inarudi kwao. Utampa nani ushindi wa mezani wa 3-0? Kwenye ligi unakata pointi, wiki inayofuata maisha yanaendelea. Ndiyo maana nasema mzizi wa yote ni huu mfumo wa kukusanyana mahali pamoja.

Kuna atakayekuja na hoja ya pesa. Kanda yenye timu sita, nyumbani na ugenini, ni mechi 30 katika raundi 10, yaani Jumamosi 10. Semista inazimeza na UE haiguswi. Kila timu inasafiri mara tano tu. UDSM na Ardhi ni majirani wa kutembea kwa miguu, lakini mpaka wasafirishwe mkoani ndipo wapambane kwa ushindani! SUA na Mzumbe wote wako Morogoro. UDOM na St John's, Dodoma ileile. Coaster moja inabeba wachezaji 18, benchi la ufundi na mipira, jioni watu wanalala vitandani kwao. Magodoro ya kukodi hayahitajiki.

Nigeria walianza HiFL, ligi yao ya soka la vyuo, mwaka 2018 kwa nyumbani na ugenini kwenye hatua za awali, timu nne zinazobaki ndizo zinazokutanishwa mahali pamoja. UAM Tillers, timu ya chuo cha Makurdi, walichukua kombe la kwanza kwa njia hiyo, na jina lao linatajwa mpaka leo. Sisi hata mfungaji bora wa miaka mitatu nyuma hakuna anayemkumbuka, kwa sababu karatasi za waamuzi zinaishia kwenye begi la mtu.

Mwenye rasimu ya ratiba ya mwakani aibandike hapa, tuhesabu siku za kupumzika mechi kwa mechi.