Naomba ushauri: Ceres niiite nini darasani?

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha fizikia, na wiki ijayo narudia somo la Ceres, gimba dogo linalozunguka Jua. Mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona akiwa Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801, akaiita Ceres Ferdinandea: mungu wa kike wa nafaka, pamoja na mfalme wake Ferdinand. La mfalme likaachwa. Hapo wanafunzi wananielewa vizuri.

Wanapopotea ni hapa: iliitwa sayari, kisha asteroidi, na tangu 2006 sayari kibete (ya mviringo kama sayari, ila haiko peke yake kwenye njia yake), ilhali iko palepale kati ya Mirihi na Mshtarii. Nilichora ukanda wote wa asteroidi ubaoni kwa chaki ya rangi. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa tuandike ipi?" Nikakwama.

Wenzangu, "asteroidi" mnaielezaje kwa Kiswahili chepesi? Na nianze na historia, au na umbo lake la mviringo?