Mteja kagoma kumalizia hela kisa herufi moja, nifanyeje?

Fundi Brashi: Wakuu, habari za jioni. Mimi naandika mabango na ubavu wa magari. Kuna chuo cha udereva nimewaandikia Noah yao PRACTICE WITH US, GET YOUR LICENCE. Mwenye chuo anadai nimekosea, elfu 60 iliyobaki hatoi. Hilo neno la kwanza ni C au S? Jumatatu natakiwa kodi ya fremu.

Msomi wa Kona: Hapo ni kitenzi, kwa Waingereza ni S: practise. C ni ya nomino. Tamka advice na advise utasikia, nomino inaishia s, kitenzi z. Hizi za practice zinatamkwa sawa, ndiyo maana zinaponza watu.

Mama Wawili: Keki ya sendofu ya mdogo wangu iliandikwa "Good Lack". Tuliila hivyo hivyo, tamu balaa.

Konda Mstaafu: Kwani Kiswahili kimefanya nini? JIFUNZE NASI. Soma ni soma, somo ni somo, hakuna kesi.

Bwana Swali: Fundi, mteja hakukuandikia kwenye karatasi?

Fundi Brashi: Aliandika.

Bwana Swali: Karatasi ilisemaje?

Fundi Brashi: Ilikuwa na S. Nikaona kateleza, nikamsaidia. Na sirudii kazi, nimeshamtumia picha ya kamusi, practice ipo kama kitenzi. Nikamwambia aende popote.

Msomi wa Kona: Kamusi ya Kimarekani hiyo. Kweli wao C wanaiweka kote kote. Ila hao hao leseni wanaandika license, kwa S, iwe nomino iwe kitenzi. Kwa hiyo kwa kamusi yako mwenyewe umekosea neno la mwisho!

Konda Mstaafu: 😂😂 Gari moja, nchi mbili.

Mzee wa Kijiwe: Hii chai, tena haina tangawizi. Mwaka jana ilikuwa kinyozi na "Barbar". Fundi gani anamsahihishia mteja? Weka picha ya karatasi.

Mama Wawili: Hata mimi nilishaanza kuguna.

Fundi Brashi: Karatasi ninayo, imelowa thina tu. Hiyo S kaikoleza kwa kalamu mara mbili, kaizungushia na duara.

Bwana Swali: Duara?!

Fundi Brashi: Nilijua ananiuliza kama iko sawa. Hivi wakuu, C ya rangi nyekundu nikiiongezea mkia, S haitoki?